Mshono Ulikuwa Safi, Chuma Kikapasuka Usiku

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo fundi. Nimepata kazi ya mkono wa kreni, bamba la milimita 30, limegongwa namba ya chuma S690QL. Nina boksi la vijiti vya kuchomelea 7018 lilibaki kwenye kazi ya mwaka jana. Naweza kuendelea nalo?"

Marahaba, mdogo wangu. Ungeniuliza miaka tisa iliyopita ningekwambia piga kazi.

Wakati ule nilikuwa najiona. Mshono wangu ulilala kama magamba ya samaki, mafundi wenzangu wakaja kuupiga picha. Nikaletewa boriti ya chuma hicho hicho chako. Chuma cha kawaida cha S235 huanza kuvutika bila kurudi hali yake kwenye megapaskali (kipimo cha nguvu ya kuvuta) 235 hivi. Hiki huvumilia hadi 690, karibu mara tatu. Mimi nikadhani chuma chenye nguvu ni chuma kisichosumbua.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, bamba lina umande. Nikalifuta kwa kitambaa, nikawasha mashine. Vijiti nilivitoa kwenye boksi lililokaa wazi rafuni wiki kadhaa. Jioni nikapulizia dawa nyekundu ya kupimia nyufa, nikaifuta, nikapaka ile nyeupe: hata nukta haikutokea. Nikajipiga kifua, mteja akabeba mzigo wake.

Usiku wa siku ya pili mlinzi akasikia mlio, pa! kama ubao mkavu umevunjika. Nilipofika nikapitisha ukucha kando ya mshono, ukakwama. Nikarudia dawa. Mara hii mstari mwekundu ukachomoza kwenye ile nyeupe, mwembamba kama uzi, urefu wa kiganja. Na haukuwa kwenye mshono! Ulikuwa kando kidogo tu, kwenye bamba lenyewe. Nikamwambia mteja mbele ya watu kwamba kauziwa bamba bovu. Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Bamba halikuwa na kosa. Unyevu wa kwenye ngozi ya kijiti ukikutana na moto wa kuchomelea, maji huvunjika na haidrojeni huzama ndani ya chuma kilichoyeyuka. Bamba nene na la baridi hunyonya joto haraka, na ile sehemu ya kando iliyopata moto bila kuyeyuka hugeuka ngumu, haina unyumbufu, kama kioo. Mshono nao ukipoa unavuta. Haidrojeni inatambaa polepole mpaka pale palipo pagumu na panapovutwa, na yaweza kuchukua saa nyingi, hata siku mbili, kabla ya kupasua. Jioni ile nilikuwa natafuta ufa ambao ulikuwa haujazaliwa.

Kwa hiyo kausha vijiti. Ile 8 ya mwisho kwenye 7018 inakuambia ngozi yake ni ya haidrojeni kidogo, lakini hiyo ni ahadi ya boksi lililofungwa. Likikaa wazi, ngozi inakunywa maji ya hewani. Vingi huokwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili (soma boksi lako), kisha vinakaa kwenye oveni ndogo ya moto, unachomoa kimoja kimoja. Bamba nalo lipashe kabla, kwa joto ambalo karatasi ya kiwanda inataka kwa unene huo, na upime kwa chaki ya joto, ile inayoyeyuka bamba likifika nyuzi zilizoandikwa juu yake. Kutema mate ukasikiliza yanavyochemka si kipimo. Halafu, kausha vijiti.

Kwenye kurekebisha nikaangukia upande wa pili. Kwa hofu ya ufa nikalishindilia bamba moto mpaka likabadilika rangi, nikapiga mishono mipana ya kuyumba kushoto na kulia. Halikupasuka. Ila chuma hiki kimepata nguvu yake kiwandani kwa kuzimwa ghafla kikiwa moto, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Ukikizidishia joto unakivua nguvu ile ile mteja aliyoilipia. Kipimo cha ugumu kikaonyesha kando ya mshono pamelegea. Boriti ikakatwa, na kazi akapewa fundi niliyemfundisha mwenyewe kushika kijiti. Hata kunisalimia alikuwa haoni haja.

Ninyi vijana mnaoshindania picha za magamba ya samaki, sikilizeni: picha haioneshi kilichomo ndani. Fundi asiyesoma namba iliyogongwa kwenye bamba anacheza na shingo ya mtu atakayesimama chini ya kreni. Nilikuwa mmoja wenu, ndiyo maana nasema kwa ukali.

Mdogo wangu, boksi lile la mwaka jana liache kwa kazi ya mageti. Tena ile 70 ni mvutano wa megapaskali 480 tu hivi, kwa hiyo muulize aliyechora kreni kama kiungo hicho kinataka kijiti chenye nguvu zaidi, usijiamulie. Ukimaliza, subiri saa 48 ndipo upulizie dawa. Mteja akija kesho kuuchukua, mwambie keshokutwa. Akikasirika, mpe namba yangu.