Anza na kwato: majibu ya maswali yenu kuhusu farasi wa Wagiriki

Mara iliyopita niligusia kitabu kifupi cha upandaji farasi cha Xenophon, askari wa Athens na mwanafunzi wa mwanafalsafa Socrates, aliyefariki mnamo 354 KK. Barua zenu zimenifurahisha sana. Najibu chache.

Kwa nini anaanza na miguu? Mimi ningetazama kwanza kichwa na shingo. (Msomaji, Morogoro)

Ndiko macho ya wanunuzi wengi yanakokimbilia, na ndiyo maana yeye anatushusha chini. Anasema nyumba yenye ghorofa nzuri na msingi mbovu haifai kitu, na farasi wa vita mwenye miguu mibovu ni vivyo hivyo. Kumbuka kuwa farasi hao walitembea peku. Chuma cha kupigilia kwatoni hakikuwapo. Mawe yote ya njiani yaliishia kwenye kwato zao.

Kwa hiyo anataka kwato nene, zilizoinuka mbele na nyuma, ili ile sehemu laini iliyo katikati upande wa chini isikanyage ardhi. Sehemu hiyo Wagiriki waliiita mbayuwayu. Inua mguu wa farasi, futa udongo kwa kidole, utaona umbo lililogawanyika panda kama mkia wa ndege huyo. Kisha tega sikio: kwato zenye uvungu zikipiga ardhi hulia kama matoazi. Hilo la mlio analitaja kwa sifa kutoka kwa Simon, aliyeandika kuhusu farasi kabla yake.

Akimaliza kwato ndipo anapanda juu. Mfupa ulio juu ya ukwato usisimame wima kama wa mbuzi, maana utamtikisa mpandaji na mguu wenyewe utavimba. Muundi uwe mnene kwa mfupa, si kwa nyama. Shingo iinuke kama ya jogoo, isining'inie kama ya nguruwe dume. Macho yatokeze, pua iwe pana ili pumzi ipite.

Mtoto wa farasi nitajuaje atakuwa mkubwa? (Msomaji, Arusha)

Tazama urefu wa miundi yake tangu anapozaliwa. Miundi haiongezeki sana. Mwili ndio unaokua kuifuata.

Na nikinunua aliyekwisha kufunzwa?

Kwanza meno. Asiyekuwa na meno ya utotoni tena hakupi matumaini ya baadaye, wala hauziki kwa urahisi. Kisha mvishe lijamu, kile chuma cha kinywani, wewe mwenyewe, umpitishe hatamu masikioni, uone kama anakubali. Mpande. Mwondoe kwa wenzake uone kama ataondoka au atang'ang'ania kubaki. Mzungushe kulia na kushoto, kwani wapo wenye taya gumu upande mmoja.

Shikamoo mwalimu. Punda wangu mdogo hapiti penye turubai la bluu la fundi mmoja hapa mtaani. Watu wananiambia nimchape. Huyo Mgiriki angesema nini? (Kijana, Lamu)

Marahaba mwanangu. Angekwambia tupa fimbo. Xenophon aliandika kuhusu farasi, lakini hapa nakushauri umsikilize hata kwa punda.

Anafundisha hivi: mnyama akiogopa kitu, mwonyeshe kuwa hakidhuru. Nenda wewe ukakiguse, kisha mwongoze taratibu akikaribie. Wanaotumia mapigo wanamwongezea hofu, kwa sababu mnyama akipata maumivu wakati macho yake yako kwenye kile kitu, hudhani ni kile kitu ndicho kilichomuumiza. Babu yangu kule Kondoa alikuwa na punda aliyegoma darajani kila siku. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoambiwa kuwa siku ya kwanza alipositasita pale, alichapwa palepale. Daraja lilikuwa limekwisha kuwa fimbo.

Kwa hiyo nenda na punda wako saa ambayo mtaa umetulia. Shika turubai akiona, lipapase, kamba ilegee mkononi. Akisogea hatua mbili, mpapase shingo. Akirudi nyuma, mwache arudi, uanze tena. Huenda likachukua siku kadhaa, usichoke.

Na ukiona unaanza kukasirika, rudi nyumbani. Xenophon anasema kanuni iliyo bora kuliko zote ni kutomwendea farasi kwa hasira kamwe, kwani hasira haioni mbele na humfanya mtu atende ya kujutia. Sisi tumezoea kusema hasira hasara, na penye mnyama hasara yenyewe hukaa muda mrefu. Anamtaja Simon tena: anachofanya farasi kwa kulazimishwa anakifanya bila kukielewa, wala hakina uzuri, sawa na kumpiga mcheza ngoma mijeledi ili acheze.

Mwanafarasi alifunzwa na nani? (Msomaji, Mombasa)

Na mfunzaji wa kazi hiyo, kwa mapatano ya maandishi, kama baba anavyompeleka mwanawe kujifunza ufundi. Lakini kabla ya hapo saisi, yaani mtunza farasi, ana kazi nyumbani, na hapa ndipo ninapompendea Xenophon. Anataka mwanafarasi akiwa peke yake ndipo ajue njaa, kiu na usumbufu wa nzi. Chakula, maji na nafuu vimfikie kwa mkono wa mtu. Akilelewa hivyo, mwenyewe atawatafuta watu. Kisha apitishwe penye umati, aone na asikie kila kitu, na akishtuka abembelezwe.

Je, hakuwa na ukali wowote? (Msomaji, Dodoma)

Alikuwa nao. Anasema uwe na lijamu mbili, moja laini na nyingine yenye meno makali, ili farasi akiionja ile kali aithamini ile laini. Ile kali nayo anataka ilegee kinywani, isikakamae. Hata hivyo sikubaliani naye. Kinywa cha farasi ni chepesi mno kuhisi, na mtu aliyeandika yale ya mcheza ngoma angeweza kuiacha lijamu hiyo.

Banda lao lilikuwaje? (Mfugaji, Iringa)

Banda liwe mahali ambapo mwenyewe atamwona farasi mara kwa mara, na hori liwekwe ili kuiba chakula cha farasi kuwe kugumu kama kuiba chakula cha bwana mwenyewe kilichoko stoo. Anayepuuza hilo anajipuuza mwenyewe, maana siku ya hatari atamkabidhi farasi huyo mwili wake. Ukiona shayiri imemwagwa, usidharau: labda amechoka, labda amevimbiwa shayiri, labda ugonjwa unakuja.

Sakafu yenye majimaji na utelezi huharibu kwato hata nzuri. Iwe na mteremko na mawe yaliyopangwa. Nje mwaga mikokoteni minne au mitano ya mawe ya mviringo yanayojaa kiganja, kila moja karibu nusu kilo, uzungushie chuma yasitawanyike. Farasi akisimama hapo anaposuguliwa au kusumbuliwa na nzi, hukanyaga huku na huku, na kwato zinakomaa kama anayetembea njia ya mawe. Miguu usiioshe, anasema. Maji ya kila siku hudhuru kwato.

Yeye mwenyewe alimpenda farasi yeyote? (Msomaji, Muscat)

Ndiyo. Mwaka 399 KK, akitoka katika vita vya Uajemi, alifika Lampsacus, mji wa Kigiriki, akiwa hana nauli ya kurudi kwao. Akamuuza farasi wake kwa dariki 50, sarafu za dhahabu za Waajemi. Muda mfupi baadaye wakaja Bion na Nausicleides kuleta mishahara ya jeshi. Walikuwa wamesikia kwamba alimpenda sana mnyama yule, basi wakamkomboa wakamrudishia, na pesa zake wakakataa kuzipokea.