Mzee alipasuliwa mshipa, maabara wakakuta limfoma: mambo ya kuuliza na kufuatilia

Kama una mzazi au ndugu anayesubiri operesheni ya mishipa ya damu, kabla hajaingia thieta muulize daktari swali moja: hicho mtakachokitoa kinapelekwa wapi? Nasema hivi kwa sababu baba yangu alipasuliwa mshipa mkubwa wa tumboni, aota, ulikuwa umevimba, akawekewa bomba la bandia, operesheni ikaenda vizuri, akarudi wodini akaanza uji na kupiga stori na wagonjwa wenzake, sisi tukaanza kuwapigia watu simu kushukuru, halafu majibu ya maabara yakatoka yanasema ndani ya damu iliyoganda kwenye ule mshipa kuna seli za limfoma, yaani kansa ya chembe nyeupe za damu. Hakuna aliyekuwa anatafuta kansa pale. Mzee hakuwa na tezi zilizovimba, hakuwa na homa, hakupungua mwili.

Nieleze kidogo maana watu wananiuliza sana inakuwaje. Ukuta wa aota unaweza kulegea ukatanuka kama tyubu ya baiskeli iliyochoka, na kwa mwanaume ukifika sentimita 5.5 madaktari wengi wanashauri upasuliwe, kwa sababu ukipasuka wenyewe mtu anaweza kufariki hata hospitali hajafika. Ndani ya ule uvimbe damu inaganda tabaka juu ya tabaka kwa miaka. Karibu mara zote lile bonge ni damu iliyoganda tu, ndo maana kuna sehemu wakishalitoa wanalitupa. Daktari aliyempasua baba ana utaratibu wake, kila kinachotoka mwilini kinaenda patholojia, ile maabara ya kuchunguza nyama kwa hadubini, hata kama kwa macho hakina shida, na lile bonge kwa macho lilikuwa la kawaida kabisa. Namuombea dua yule dokta mpaka leo.

Ripoti ilisema ni limfoma ya seli B kubwa inayohusiana na faibrini. Seli B na seli T ni aina mbili za chembe nyeupe za damu. Faibrini ni zile nyuzi za protini zinazoshika damu ikiganda. Ni aina nadra mno, na kwenye uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 ndo ikapewa nafasi yake yenyewe, kabla ya hapo ilikuwa inawekwa chini ya limfoma zinazohusiana na inflamesheni sugu, yaani sehemu ya mwili kukaa imevimba kwa muda mrefu. Inakutwa kwenye mabonge ya mishipa iliyovimba, kwenye mabomba ya bandia ya damu, kwenye vali za bandia za moyo, kwenye ule uvimbe wa ndani ya moyo unaoitwa maiksoma, hata kwenye busha imeshakutwa. Seli zenyewe zinajificha katikati ya damu iliyoganda, hazijengi donge la kushikika, kwa hiyo hata CT scan haikuambii kitu. Hadubini tu ndo inaziona.

Na karibu siku zote seli hizo zinakuwa na kirusi cha Epstein-Barr. Hapa ndugu wengi wanashtuka wakisikia kirusi, wanaanza kutenga vyombo, jamani msifanye hivyo. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani tunacho, tulikipata utotoni, kimelala tu. Na hiki kirusi historia yake imepita hapa kwetu: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago Kampala, mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya wa watoto, baadaye vipande vya uvimbe huo vikawa vinasafirishwa kwa ndege mpaka London kwa Anthony Epstein, na kuna kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikashushwa Manchester, lakini seli zilikuwa bado hai na humo ndo Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakakiona kirusi, wakatangaza 1964. Mimi nikikumbuka hilo sioni kabisa kwa nini kipande cha nyama cha mgonjwa wangu kiishie kwenye ndoo.

Sasa mambo ya kufanya. Hospitali nyingi zetu ndugu ndo mnapewa kichupa mkipeleke maabara wenyewe na kulipia. Hakikisha kimewekwa kwenye fomalini, sio maji wala drip, na fomalini iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa nyama, maana ikiwa kidogo katikati panaoza na hapo mtaalamu hata awe bingwa hana cha kukusomea. Jina la mgonjwa, namba ya faili na sehemu kilipotolewa viandikwe kwenye kichupa chenyewe, kifuniko kinaweza kubadilishwa. Halafu fuatilia. Sisi ripoti ilikuwa tayari imekaa sehemu na hakuna aliyetupigia, dada yangu ndo alikuwa anakwenda dirishani kuuliza mpaka wakamzoea. Ukiipata isome mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu mara nyingi ripoti ya kwanza inamalizia kwa kushauri vipimo vya ziada, vile vya kupaka alama kwenye seli wajue ni B au T na kama kirusi kipo. Bila hivyo limfoma haina jina, na bila jina huwezi kujua dawa. Pia uliza bloku ya nta iko wapi, ni kile kipande chako kilichogandishwa kwenye nta, kinatunzwa, na unaweza kukiomba kisomwe na mtaalamu mwingine. Kwa ugonjwa nadra hivi usomwe na wataalamu wawili tofauti, sisi tuliomba na hakuna daktari aliyechukia.

Sio bonge tu. Kuna wanaopasuliwa kinena kuunganishiwa mshipa wa mguu, daktari akakutana na tezi njiani, na kwetu tezi ikivimba kitu cha kwanza kutajwa ni TB. Inaweza kweli kuwa TB. Inaweza pia kuwa limfoma ile ya taratibu ambayo mtu anaangaliwa tu kliniki miaka na miaka bila dawa. Mwanzishie mtu vidonge vya TB akiwa na jibu la maabara mkononi.

Suala la kumwambia mzee lilitusumbua kuliko yote. Shangazi hakutaka kabisa, anasema kidonda hakijapona mnamletea habari ya kansa, mtamuua kwa mawazo. Nilimuelewa, anampenda kaka yake. Lakini mzee alikuwa anaona tunanong'ona koridoni, anaona nyuso, akawa hali vizuri, na daktari alipopita akamwambia mbele yetu, "Mwanangu, hawa wanangu wananificha, wewe niambie, mwili ni wangu." Daktari akavuta kiti akakaa, akamwelezea taratibu, na mzee akauliza maswali ya maana kuliko tuliyouliza sisi wote. Usiku ule alilala. Kama mgonjwa wako ana akili zake timamu, mwambie, ila asiambiwe na mtu anayelia, aambiwe na daktari aliyekaa chini na mwenye muda.

Baada ya hapo tukapelekwa kwa daktari wa saratani. Vipimo vilikuwa HIV, hepataitisi B (homa ya ini), damu ya kawaida, CT ya mwili, na skani ya PET, ile ya kutafuta kansa mwili mzima, ambayo tulifanyia Nairobi. Hapo hapakuonekana kitu kingine mwilini. Madaktari wakakaa pamoja wakaamua mzee asipewe kemo, kwamba upasuaji umeshaondoa kilichokuwepo, sasa ni kuangaliwa kwa karibu. Nyumbani kukawa na vita, watu wanauliza kansa gani haina dawa, au ni hela imekosekana? Hapana. Aina hii ikiwa ndani ya bonge tu, wengi wanaendelea vizuri kwa upasuaji peke yake, ila zilizokaa kwenye moyo na mishipa zinaweza kurudi, ndo maana wengine wanapewa dawa na wengine wanasubirishwa, uamuzi ni wa mgonjwa kwa mgonjwa. Muulize daktari wako sababu zake uziandike, zitakusaidia ndugu wakikuvamia na maushauri ya mizizi.

Kama wako ataambiwa aanze kemo, kuna vitu daktari wa mishipa na wa saratani lazima waongee wao kwa wao. Hapa Dar moyo na mishipa ni Taasisi ya Jakaya Kikwete kule Upanga, saratani ni Ocean Road, taasisi mbili tofauti, kwa hiyo karatasi unabeba wewe. Waulize kidonda kimepona kiasi cha kuanza? Moyo umepimwa kwa eko, ile ultrasound ya moyo? Kwa sababu doksorubisini, ile dawa nyekundu ya kemo, inaweza kuudhoofisha moyo, na mgonjwa wa mishipa moyo wake mara nyingi tayari umechoka. Hepataitisi B imepimwa kabla ya rituksimabu, dawa nyingine ya limfoma ya seli B? Dawa hiyo inaweza kuamsha kirusi kilicholala kwenye ini. Na aspirini au klopidogreli anazotumia kuzuia damu isigande, aendelee nazo chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zikishuka, au asimamishe, nani ataamua? Hili la mwisho watu wanalisahau sana. Usisimamishe mwenyewe na usiendelee mwenyewe. Na homa ikifika 38 mtu akiwa kwenye kemo, usiku wa manane hata mvua inyeshe, panda bajaji nenda emajensi, usimpe panadoli ukasubiri asubuhi.

Piga picha ripoti zote, ya operesheni, ya patholojia, ya skani, weka kwenye simu za ndugu wawili au watatu. Mzee wetu akipelekwa popote, hata kwa malaria tu, tumekubaliana anayemsindikiza aanze kusema mambo mawili kabla ya mengine yote: ana bomba la bandia kwenye aota, na aliwahi kukutwa na limfoma.