Usitupe printa kuukuu kwa sababu umebadilisha ruta

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji ambao nimeusoma mara tatu. Anasema alibadilisha ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani, na tangu siku hiyo printa yake haijawahi kushika waifai. Fundi amemwambia atafute nyingine. Nimeuelewa uchungu wake, kwa kuwa maneno hayohayo niliambiwa mimi, sebuleni kwangu, watoto wakisikia.

Fundi wangu hakukaa hata dakika kumi. Aliizima printa, akaiwasha, akaandika nenosiri mara mbili, akasema: "Hii imepitwa na wakati, tupa." Printa hiyo nimechapia kazi zangu zote tangu nilipoanza kujitegemea. Inavuta karatasi vizuri, wino unatoka safi. Iliniuma, na sitaficha kwamba bado inaniuma, kuona kitu kizima kikihukumiwa na mtu ambaye hakutaka hata kujua kina shida gani.

Usiku wa kwanza nilipoteza muda bure, nikirudia nenosiri nikidhani nakosea herufi. Usiku wa pili haukuwa na tofauti. Wa tatu ndipo nilipofanya jambo ambalo ningepaswa kuanza nalo: niliiambia printa ichape ripoti yake ya mtandao. Printa nyingi za waifai zina ripoti hiyo kwenye menyu, au kwa kubonyeza vitufe fulani kwa pamoja. Kwenye karatasi ile palikuwa na mstari ulioandikwa 802.11b/g. Hapo nikaelewa kila kitu.

802.11g ni kiwango cha waifai cha mwaka 2003, na kinafanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta yangu mpya ilikuwa inarusha 2.4 na 5 kwa jina moja, na ulinzi wake ulikuwa umewekwa WPA3, aina ya ulinzi wa waifai ambayo ilitangazwa mwaka 2018. Printa iliundwa miaka mingi kabla ya hapo; ingeujuaje? Ilikuwa inaliona jina la mtandao, inapokea nenosiri, halafu inashindwa kuelewana na ruta. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inasemeshwa lugha ambayo haikufundishwa.

Nikafungua kivinjari, nikaandika anwani ya ruta (huwa kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), nikaingia kwenye mipangilio. Nikaona sehemu ya mtandao wa wageni. Nikauwasha kwenye 2.4, nikaupa ulinzi wa WPA2, uliotangulia WPA3, nikaunganisha printa. Taa ya buluu ikatulia! Nilisimama peke yangu pale saa sita usiku nikishukuru Mungu. Kisha nikatuma karatasi kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta ikasema haioni printa yoyote.

Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, kwa hiyo nalieleza vizuri. Mtandao wa wageni kwa kawaida hutengwa na ule wa nyumbani: kifaa kilichoko huko hupata intaneti, lakini hakizungumzi na vifaa vyako vingine. Printa yangu ilikuwa imeingia nyumbani ikafungiwa chumba cha pembeni.

Nikauzima mtandao huo wa wageni. Nikarudi kwenye mtandao mkuu, nikatenganisha majina: 5 ikabaki na jina lake, 2.4 nikaipa jina jipya, fupi, lisilo na nafasi wala alama za ajabu, maana vifaa vya zamani huweza kukwama kwenye alama hizo. Ulinzi wa 2.4 nikauweka WPA2 wenye AES, njia yake ya kuficha data. Chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa hayo, nikaichagua mwenyewe kati ya 1, 6 na 11, kwa kuwa baadhi ya printa hazitambui 12 na 13, na upana wa chaneli nikaushusha hadi megahezi 20. Kompyuta ikabaki kwenye 5, printa ikaingia 2.4, na kwa kuwa zote mbili zimo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, zikaonana. Karatasi ya kwanza ilitoka ikiwa imenyooka.

Siku kadhaa baadaye printa ilipotea tena. Safari hii ruta ilikuwa imeipa anwani nyingine ya IP, ile namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, na kompyuta iliendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani. Dawa yake ni kuhifadhi anwani moja ya kudumu kwa ajili ya printa kwenye mipangilio ya DHCP ya ruta, sehemu inayogawa anwani hizo. Fanya hivyo siku ileile ya kwanza.

Ndugu zangu, tumezoea kutupa. Kitu kikigoma kidogo, tunaamini neno la wa kwanza kutuambia kimekufa. Kabla hujakubali, chapa ile ripoti. Soma kifaa chako kinajua nini, kisha angalia ruta inadai nini. Lakini pia usiende upande wa pili: usiuvue ulinzi mtandao mzima wa nyumbani ili kuiridhisha printa. Kama ripoti inaonyesha kwamba printa inajua WEP tu, ulinzi wa zamani kabisa wa waifai, usiirudishe WEP kwenye ruta yako. Ulinzi huo ulikwishavunjwa tangu 2001.

Msomaji wangu amenijibu jana usiku. Ripoti yake inasema WEP. Nimemwomba ageuze printa aangalie mgongoni, na kweli kuna tundu la kebo ya mtandao, mraba mdogo uliofunikwa na plastiki ambayo hajawahi kuitoa. Achukue kebo, aichomeke hapo, upande wa pili auingize kwenye ruta. Baadhi ya printa hutaka waifai yake izimwe kwanza kwenye menyu, ndipo kebo ifanye kazi.