Ajali ya maabara hubisha hodi kwanza

Kama unasimamia maabara ya utafiti, au ndiyo kwanza umeingia humo ukiwa mwanafunzi wa uzamili, nina ushauri ambao ningependa uuchukue kabla ya mwingine wowote: jenga tabia ya kusoma taarifa za ajali. Sizungumzii zile kanuni zilizobandikwa mlangoni zenye michoro ya miwani na glavu. Hizo kila mtu anazijua, na wengi walioumia walizijua pia. Soma taarifa za uchunguzi, zile zinazoeleza nani alifanya nini, chombo gani kilikuwa mezani, na nani alikuwa ameshaona dalili siku chache kabla.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia chuoni, hapa Tanzania, na ni kazi niliyoifanya muda mrefu. Kila nikikaa na taarifa hizo nakutana na jambo lilelile: ajali kubwa ilitanguliwa na ndogo, ikaonwa, ikapuuzwa. Mdharau mwiba, walisema wazee, mguu huota tende.

Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, Marekani, Januari 2010. Wanafunzi wawili walikuwa wakitengeneza kiwanja kinacholipuka, nikeli hidrazini pakloreti, kwa ajili ya mradi wa kugundua vilipuzi. Kikomo kilichokuwa kimesemwa ni miligramu 100. Kilisemwa kwa mdomo, hakikuandikwa popote wala hakuna aliyefuatilia kama kinazingatiwa. Wakaona watengeneze kwa mkupuo mmoja kiasi cha kutosha majaribio yote, wakapata takriban gramu 10, yaani mara mia ya kikomo. Mmoja wao akachukua karibu nusu yake, akaanza kuvunja mabonge taratibu kwenye kinu kidogo cha maabara. Ikalipuka. Akapoteza vidole vitatu, akaungua, na jicho likajeruhiwa.

Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilichunguza, na ripoti yake ya 2011 ndiyo ninayompa kila mwanafunzi mpya aisome. Kilichonigusa zaidi humo si mlipuko wenyewe. Ni kwamba utafiti wa aina hiyo chuoni hapo ulikuwa umeshaleta matukio mawili kabla ya siku ile. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hayakuandikwa kwa namna ambayo mtu anayekuja baadaye angeyakuta. Kijana yule alisimama mbele ya kinu bila kujua kwamba waliomtangulia walishanusurika mara mbili.

Hawaii, Machi 2016, hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu onyo lilikuja jana yake tu. Mtafiti alikuwa akitumia tangi la lita 49 lenye mchanganyiko wa haidrojeni, oksijeni na kaboni dayoksaidi, chakula cha bakteria waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya utafiti wa nishati. Siku moja kabla, akiwa na tangi dogo, alisikia mlio wa kitu kupasuka ndani. Kabla ya hapo alikuwa ameshaeleza kwamba tangi humpiga shoti akiligusa. Aliyemsimamia akamwambia asiwe na wasiwasi. Kesho yake tangi kubwa likalipuka, akapoteza mkono mmoja. Ukisoma habari hii ukiwa msimamizi, tafadhali rudia sentensi ile: asiwe na wasiwasi. Sisi wenye uzoefu huitamka kwa nia njema, ili kumtuliza kijana aendelee na kazi. Mtu wa chini yako akikuletea mlio asiouelewa, jibu sahihi ni kuzima mtambo na kwenda kutazama pamoja naye.

Na yule dada wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Sheri Sangji. Alikuwa na umri wa miaka 23. Tarehe 29 Desemba 2008 alikuwa akivuta tert-butilithiamu, kimiminika kinachowaka chenyewe kikikutana na hewa, kwa sindano ya plastiki. Bomba la ndani la sindano likachomoka. Alikuwa amevaa sweta la nyuzi za viwandani, bila koti la maabara. Bafu la dharura lilikuwepo lakini halikutumika. Alifariki Januari 16, 2009. Miezi miwili hivi kabla ya moto ule, wakaguzi wa chuo walikuwa wamepita katika maabara hiyohiyo na kuandika kasoro kadhaa, mojawapo ikiwa watu kufanya kazi bila makoti. Karatasi ilikuwepo. Profesa aliyeongoza maabara alifunguliwa mashtaka ya jinai, na kesi ikamalizika kwa makubaliano mwaka 2014. Ukaguzi usiofuatiliwa ni ushahidi tu wa kukufunga baadaye.

Sasa nieleze la kwetu, maana kuna watu husoma haya wakadhani ni mambo ya wenye vifaa vikubwa.

Katika maabara moja niliyowahi kufanya kazi, chupa ya taka ya lita mbili na nusu ilipasuka usiku wakati jengo halina mtu. Mtu alikuwa amemimina mabaki ya asidi ya nitriki ndani ya chupa iliyokuwa na mabaki ya ethanoli, akakaza kizibo, akaondoka. Asidi ya nitriki ikikutana na vimiminika vya aina ile huanza kuvila polepole, na gesi inazalishwa. Inaweza kuchukua dakika, inaweza kuchukua saa kadhaa. Kizibo kikiwa kimekazwa, gesi haina pa kutokea. Asubuhi tulikuta vipande vya kioo vimefika dirishani, mita nne kutoka kwenye benchi, na mlango wa kabati chini ya sinki umebabuka rangi.

Mama wa usafi ndiye aliyefungua mlango wa kwanza. Alipomaliza kutusaidia kufungua madirisha aliniambia, bila kulalamika: "Mwanangu, ile chupa jana jioni niliiona inatoa moshi wa rangi ya kahawia pale shingoni. Nikasema, wenyewe wasomi, watakuwa wanajua."

Moshi wa kahawia! Mkemia yeyote angekimbia kwa kuona rangi ile. Aliyeiona hakuwa na mtu wa kumwambia, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba akiona kitu asichokielewa anaruhusiwa kusema. Tangu hapo sikubali mkutano wa usalama unaofanyika bila watu wa usafi, mlinzi wa usiku, na fundi wa jengo. Wao ndio wanaobaki na maabara tukishaondoka. Na hatari yenyewe haichagui cheo: mwaka 1967, virusi vilivyoingia maabara za Marburg, Frankfurt na Belgrade kupitia tumbili walioletwa kutoka Uganda viliwaambukiza watu 31 na kuua 7, na kati ya waliougua wamo wahudumu wa afya waliowatibu watu wa maabara, na mke wa daktari wa wanyama mmoja.

Kwa hiyo nenda kanunue daftari. Daftari la kawaida, jalada gumu, lifungwe kwa kamba karibu na mlango pamoja na kalamu. Mfumo wa kompyuta ni mzuri, lakini mwenye glavu zilizolowa hatafungua kompyuta, na mlinzi hana nywila. Humo mnaandika kila tukio la kunusurika, hata lionekane dogo vipi. Hivi ndivyo ukurasa mmoja wa daftari letu unavyosomeka (kabati la mvuke ni lile lenye feni inayovuta mvuke wa kemikali na kuutoa nje):

"Umeme ulikatika saa 9:20 alasiri. Feni ya kabati la mvuke ilisimama, jiko la umeme pia. Uliporudi, jiko liliwaka lenyewe, feni haikuwaka mpaka ibonyezwe. Bika yenye heksani ilikuwa bado juu ya jiko. Hakuna aliyeumia."

Tazama kilichomo. Hakuna jina la mtu. Hakuna "alizembea". Kuna saa, kifaa, na mpangilio wa mambo yalivyotokea, basi. Kwa mistari hiyo mitano tuligundua kwamba kila umeme ukikatika na kurudi, nasi tunajua unavyokatika, maabara yetu ilikuwa ikijitengenezea moto: joto linarudi, hewa hairudi, na heksani hutoa mvuke unaoshika moto upesi. Tulimwita fundi umeme akaunganisha soketi za majiko na swichi ambayo umeme ukirudi haiwaki mpaka mtu aende kuibonyeza kwa mkono. Kazi ya siku moja. Hakuna mkaguzi wa nje ambaye angeliona hilo, maana wakaguzi huja umeme ukiwepo.

Daftari litakufa ndani ya mwezi ukifanya kosa la kumwadhibu aliyeandika. Hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu nimeshuhudia taasisi ikiliua la kwake: mwanafunzi aliandika kwamba amevunja kipimajoto cha zebaki, akapewa bili. Baada ya hapo vipimajoto vikawa "havivunjiki" kabisa, na zebaki ikaishia kwenye nyufa za sakafu. Kama taratibu za chuo zinadai mtu alipie kilichovunjika, pigana ziondolewe kwa anayeripoti. Aliyekuja kusema amekuokolea fedha nyingi kuliko bei ya kipimajoto.

Kuna ajali ambazo daftari lisingezizuia, nami ningekuwa nakudanganya nikisema vinginevyo. Karen Wetterhahn, profesa wa Chuo cha Dartmouth, alikuwa mtaalamu wa sumu za metali. Agosti 1996 matone machache ya dimethilizebaki, kiwanja cha zebaki chenye sumu kali, yalimdondokea juu ya glavu yake ya mpira. Alikuwa kwenye kabati la mvuke, amevaa kinga iliyoaminika wakati ule. Dalili zilijitokeza miezi kadhaa baadaye, na alifariki Juni 8, 1997. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba kemikali ile inapenya glavu ya aina ile kwa sekunde zisizozidi 15. Wenzake walitangaza walichokipata, na mapendekezo ya glavu yakabadilika. Nakuomba ulichukue hili kwa vitendo: glavu haiwi kinga kwa sababu tu ni glavu. Kila kemikali ina glavu yake, na jedwali la mtengenezaji linasema itastahimili dakika ngapi. Glavu nyembamba za hospitali zinazouzwa kwa boksi hazikufai kwa asetoni wala dikloromethani. Libandike jedwali hilo hapo zinapowekwa glavu.

Sheria ipo. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na Kenya wana yao ya 2007, inayodai kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Zisome, zitakusaidia ukienda kuomba bajeti. Lakini moshi wa kahawia kwenye shingo ya chupa ni wenu ninyi kuuandika.

Kama unataka kuanza wiki hii, pakua ripoti ile ya Texas Tech, inapatikana bure, na bodi hiyo imetengeneza na video kwa wasiopenda kusoma. Waite wote, hata mlinzi. Mmoja aieleze ajali kwa Kiswahili, pole pole, mpaka mama wa usafi aseme ameelewa. Kisha uliza: hapa kwetu, ni kitu gani kimewahi kukushtua ukanyamaza? Mwache wa cheo cha chini azungumze kwanza, maana profesa akishatangulia wengine hawatasema kitu. Majibu yote yaingie daftarini siku hiyohiyo, na moja kati ya hayo, lile lisilohitaji fedha, lirekebishwe kabla hamjaondoka chumbani.