Mhimili wa z na vina vya bahari

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, natokea Wete, Pemba. Naandika kwa Kiswahili maelezo ya kodi ya Python (maagizo kwa lugha ya kompyuta) inayochora sakafu ya bahari yetu kwa grafu ya 3D: longitudo, latitudo na kina. Niliandika "ongeza ekisi tatu, kisha zibandike lebo". Mwenzangu kanicheka, ati niseme mihimili. Mimi najua mhimili ni nguzo ya nyumba. Nani kapatia? Na "grafu ya pande tatu" ni sawa?

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Kapatia mwenzako, ila na wewe hukukosa kote. Mhimili ni nguzo kweli. Ni ndugu wa kitenzi himili, yaani kubeba mzigo usilemewe, na ndiyo maana tunasema mihimili mitatu ya dola. Lakini neno halikubakia ndani ya nyumba. Skuli ulisomeshwa kwamba Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, na siku ile hukuuliza nguzo imechimbiwa wapi. Kwenye grafu ni hivyo hivyo. Nukta zote zinaegemea mistari ile. Ukiifuta zinabaki zinaelea, hujui ipi iko mita 10 na ipi iko mita 300.

Andika mhimili wa x, mhimili wa y, mhimili wa z. Hiyo "x-mhimili" ninayokutana nayo siku hizi ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Tahajia ni mhimili, ingawa wengi wetu tukisema inatoka "muhimili".

Ukitaka kumweleza mvuvi asiyejua grafu, mpe jahazi. Mstari kutoka tezi hadi omo ni wa kwanza, unaokata chombo ubavu kwa ubavu ni wa pili, na mlingoti ni wa tatu. Mfano una kasoro moja: mlingoti wa jahazi huinamia omo, na mhimili wa z sharti usimame wima juu ya wenziwe wawili.

Kuna mtego hapo kwenye kodi yako. Katika Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchorea grafu, kile unachokiita ax, ambacho aina yake ni Axes, si mstari. Ni uwanja mzima wa mchoro, na mihimili yote imo ndani yake. Anayefasiri kwa kufuata sura ya neno ataandika "unda mihimili", msomaji aanze kutafuta mistari mitatu kumbe ameundiwa uwanja. Andika "unda uwanja wa mchoro wa 3D", kisha neno mhimili uliweke akiba mpaka ufike kwenye amri za kuipa mihimili majina, yaani set_xlabel, set_ylabel na set_zlabel.

Pande tatu? Siipendi. Umbo la pande tatu ni pembetatu, mtoto yeyote wa skuli atakwambia. Sema vipimo vitatu, au acha 3D kama ilivyo, hakuna atakayekulaumu.

Lebo ni neno letu sasa, ngeli yake ni ya i-zi: lebo hii, lebo hizi. Kitenzi ndicho kinachonikera. Kubandika kunataka gundi. Lebo ya grafu inawekwa, au sema tu "andika jina la kila mhimili". Namba zinazopangana kando ya mhimili usiziite lebo kwenye maelezo hayo hayo. Ziite namba za mhimili, la sivyo msomaji hatajua labelpad inasogeza kipi. Inasogeza jina, lisipande juu ya namba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi. Katika mfano ulioniletea, mhimili wa z umeuandikia "Vina (m)", na namba zake ni hasi: −40, −200, −600. Baharini hakuna kina cha hasi. Nahodha akitupa bildi, ile risasi ya kupimia kina, akapata pima 20, ni 20 kwenda chini. "Chini" imo tayari ndani ya neno kina. Una njia mbili. Ama uziache hasi na jina liwe "Kimo kutoka usawa wa bahari, kwa mita", maana kimo hupanda na hushuka. Ama, na hii ndiyo ningeifuata mimi, uzifanye chanya, uandike "Kina, kwa mita", kisha uite ax.invert_zaxis ili sifuri ikae juu na namba zikue kuelekea chini. Hapo atakayeutazama mchoro ataona mara moja jinsi bahari baina ya Pemba na bara inavyodidimia mamia ya mita, na ile ya Unguja na bara ikiishia makumi tu.

Na iwe kina, umoja, si vina. Mhimili unataja sifa inayopimwa, hauzihesabu nukta. Hukuandika "longitudo nyingi" kwenye mhimili wa x. Tena wewe ni mtoto wa Pemba, kisiwa cha washairi. Ukimwandikia Mpemba "Vina vya bahari", atakaa kitako asubiri ubeti wa kwanza.