Maswali na majibu: kupiga rangi bodi ya gari la rimoti kwa mara ya kwanza

Safari hii maswali yote ni ya rangi na nimefurahi, maana hapa ndo watu wanaharibu bodi nzuri waliyoisubiri wiki kibao ifike. Nimechukua yale yanayojirudia.

Bodi yangu imefika, ni plastiki inayoonyesha kama kioo, haina rangi kabisa. Napuliza kwa juu kama gari la kawaida? (Msomaji wa Tabata, Dar)

Hapana, nje usiguse kabisa. Hiyo ni leksani, yaani polikaboneti, na inapigwa rangi kwa NDANI. Rangi inakaa nyuma ya plastiki, kwa hiyo gari likibinuka likaburuzika kwenye lami kinachokwaruzika ni plastiki na rangi iko salama, na ule mng'ao unaouona kwa nje ni wa plastiki yenyewe, huhitaji vanishi yoyote. Kwa nje bodi nyingi zinakuja na nailoni nyembamba imebandikwa, hiyo iache mpaka mwisho kabisa hata kama unatamani kuona gari linavyong'aa, kwa sababu ukipuliza ndani kuna vumbi la rangi linazunguka linatua nje, na ile nailoni ndo inalipokea.

Kabla ya rangi osha ndani kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, tumia sponji laini, sio steelwire. Bodi inatoka kiwandani na mafuta ya kwenye kalibu iliyoiumba, na mafuta hayohayo ndo yanafanya rangi ibanduke baadae. Suuza, iache ikauke yenyewe, na kuanzia hapo usiingize vidole ndani tena. Afu bandika zile stika za kuziba madirisha, nazo zinabandikwa ndani, kandika kingo zake kwa ukucha mpaka usione hewa. Hatua ya kuosha ndo watu wanairuka sana na ndo naomba uiheshimu kuliko zote.

Kuna fundi rangi wa magari mtaani anasema rangi yake inashika popote, nikanunue zile spesho za nini?

Fundi ni mzuri kwenye mabati, simbishii. Lakini bati halijikunji, leksani inajikunja kila gari linapogonga ukuta, na rangi ya kawaida ya gari ikishakauka inakuwa ngumu, kwa hiyo bodi ikijikunja rangi inapasuka inadondoka vipande vipande. Rangi ya polikaboneti inaing'ata plastiki kidogo na inabaki na ulaini wa kujikunja nayo. Inayojulikana zaidi ni ya Tamiya, wale Wajapani wa Shizuoka, kwenye makopo ya mililita 100 yenye alama PS: PS-1 nyeupe, PS-2 nyekundu, PS-5 nyeusi, PS-12 silva. Angalia herufi vizuri kabla hujalipa, maana Tamiya haohao wana makopo ya TS ambayo ni ya plastiki ngumu, yanafanana kabisa, na ukiyachanganya hakuna litakaloshika inavyotakiwa. Kwa bodi ya kawaida ya moja kwa kumi, yaani gari dogo mara kumi kuliko la kweli, kopo moja la rangi kuu linatosha kama hupulizi ovyo.

Nataka nyekundu na mistari ya njano, na nyeusi chini. Naanza na ipi? Na kwa nini rangi zinapenya chini ya tepu? (Msomaji wa Thika)

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote maana hapa lazima kichwa kigeuke. Mtu anaangalia kwa nje, wewe unapuliza kwa ndani, kwa hiyo rangi ya KWANZA kuipuliza ndo atakayoiona, zinazofuata zote ziko nyuma yake. Ndo maana tunaanza na iliyokolea tunamalizia na nyepesi. Kwako nyeusi kwanza, halafu nyekundu, halafu njano. Njano ikipita nyuma ya nyekundu haidhuru kitu, ila nyeusi ikipita nyuma ya njano utaona njano imechafuka, imekuwa kama ya kijani kijani hivi. Na ukimaliza njano ipige nyeupe kwa nyuma, hiyo usiibanie, kwa sababu njano peke yake ni nyepesi, ukiinua bodi juani utaona mpaka waya za ndani. Rangi zinazowaka zile za fluoresenti ndo kabisa, bila nyeupe nyuma zinapooza. Silva na metaliki nyingi zenyewe zinapendeza zikipigwa nyeusi nyuma.

Sasa kupenya kwenye tepu. Mara nyingi ni kwamba mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, umepigwa mzito, rangi ikawa majimaji ikatafuta njia. Kandamiza ukingo wa tepu vizuri, halafu mkono wa kwanza upige mwepesi mno, vumbi tu, uone kama haujafunika kitu. Huo unakauka unaziba ule ukingo. Subiri dakika kama kumi, piga mwingine mwepesi, na mwingine, kopo likiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye bodi na mkono wako ulioshika kopo unatembea muda wote, unaanza kupuliza kabla hujafika kwenye bodi na unaachia ukishaipita. Mikono minne myepesi ni bora kuliko miwili mizito, hapo sina mjadala. Na ukikata tepu ukiwa umeshaibandika tumia wembe mpya bila kukandamiza, ukichora leksani ule mstari ndo bodi itakapopasukia siku ikigonga.

Niko Mombasa, rangi ikikauka inatoa ukungu mweupe. Kopo bovu?

Kopo zima, ni unyevu. Rangi ikipulizwa ile dawa inayoifanya iwe majimaji inaruka hewani haraka na kupoza pale rangi ilipotua, basi kama hewa imejaa maji kama ya pwani, maji yanatua kama umande kwenye rangi mbichi na unapata ukungu. Usipige asubuhi mapema wala baada ya mvua, subiri mchana wa jua lakini wewe kaa kivulini penye hewa. Kopo liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache kabla, rangi inatoka laini zaidi. Uvuguvugu wa kuogea, sio maji ya kuchemka, na wala usilisogeze kopo karibu na jiko la mkaa au gesi, ule mvuke unashika moto. Vaa barakoa ya mafundi rangi na watoto wasikae karibu.

Shemeji yangu anarudi kutoka Dubai kwa ndege, nimwagize makopo?

Usimwagize. Makopo ya rangi ya kupuliza yana gesi inayoshika moto na hayaruhusiwi kwenye mzigo wa abiria, wa mkononi wala wa chini, yatachukuliwa tu uwanjani. Mwagize bodi, stika, mkasi wa leksani. Rangi tafuta zilizokuja kwa meli.

Nimekosea rangi, naweza kupiga nyingine juu nikaificha?

Haifichiki, kwa sababu ileile niliyoisema, mtu anaona ya kwanza. Kama bado mbichi jaribu spirit nyeupe ya dukani kwenye kitambaa, sugua taratibu, inatoka kiasi ingawa mara nyingi doa linabaki. Thina, asetoni na petroli usithubutu, vinaifanya leksani iwe na ukungu na ipasuke yenyewe. Mi ningekwambia sehemu iliyoharibika iwekee stika kwa nje uendelee na maisha ya gari.

Ya kwangu ni Lunch Box ya Tamiya, ile van ya njano, na plastiki yake ni ngumu haionyeshi. Nayo ndani?

Hiyo nje. Lunch Box tangu ilivyotoka 1987 bodi yake ni plastiki ngumu, kwa hiyo kila kitu kinageuka: unapiga msasa laini, praima, halafu nyepesi ndo inatangulia na iliyokolea inafuata, vanishi mwisho. Hapo ndo makopo ya TS yanapofanya kazi.

Nakata bodi kabla au baada ya rangi? Na matundu ya kushikilia?

Mi napendelea baada, kwa sababu ile plastiki ya ziada pembeni inakupa pa kushika bila kugusa ndani. Kwenye matao ya matairi tumia mkasi wenye ncha zilizopinda. Matundu usitoboe kwa msumari wa moto, unaacha ukingo mbovu unaoanza ufa, tumia riima ya bodi, kile chuma chenye ncha kinachopanuka kuelekea juu, unazungusha taratibu mpaka tundu lipitishe nguzo ya gari inayoshikilia bodi. Kama gari ni la kugonganagongana, chukua ile tepu ya wavu ya mafundi jipsamu, bandika kwa ndani kwenye kona za mbele na nyuma juu ya rangi iliyokauka, upake gundi ya Shoe Goo juu yake, uiache usiku mzima. Nailoni ya nje bandua baada ya hapo.