Maswali ya Wasomaji: Naambiwa Sifanyi Kazi

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa nyumbani. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, nami nalea watoto wetu wanne huku nikimuuguza mama mkwe aliyepooza kwa kiharusi. Juzi shemeji yangu alitamka mbele ya wageni kwamba nyumba tuliyojenga ni ya kaka yake peke yake, kwa kuwa mimi sifanyi kazi. Je, jasho langu halihesabiki?
Mama Wanne, Tanga

JIBU: Linahesabika, dada yetu, tena kisheria. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali ya wanandoa walioachana, izingatie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Mahakama zilitofautiana kuhusu kazi za nyumbani, mpaka mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilipoamua, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Mgawo si lazima uwe nusu kwa nusu, maana kila shauri hupimwa kwa mazingira yake. Aidha, ndoa ingali hai, kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako.

Lakini hukuandika kwamba unataka talaka, na naamini unachohitaji zaidi ni msaada. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya mgongoni. Hulishwa akiwa ameinuliwa asije akapaliwa. Huogeshwa na kubadilishwa shuka. Mumeo anaweza kukaa safarini wiki nzima kwa sababu yupo mtu anayeyafanya hayo, na mshahara anaorudi nao umetokana na kazi zenu wote wawili.

Zungumza naye kwanza mkiwa wawili, umweleze siku yako saa kwa saa, kisha yeye mwenyewe, wala si wewe, awaite ndugu zake, kwani mgonjwa ni mama yao wote. Omba mambo mahususi: nani atakesha naye Ijumaa na Jumamosi upate kulala, nani atachangia ujira wa msaidizi wa kufua na kuchota maji. Wanao wakubwa, wa kiume kwa wa kike, wapangiwe zamu jikoni. Kuhusu nyumba, mwombe mumeo hati iandikwe majina yenu wote wawili, na awaeleze hilo ndugu zake katika kikao hichohicho, shemeji yako akiwapo.